Hati ya Mashtaka Haitaji Jinsia: Nani Hulipia Maneno Yake Uganda, na kwa Njia Gani

Kaa Malaba, mpakani na Kenya, kwenye foleni ya malori, au kwenye meza ya chai pale Kisenyi, Kampala, uwataje wanawake wasemaji wa Uganda. Jina la Dokta Stella Nyanzi halitachelewa, na swali lake litafuata nyuma: yule mama alifungwa kwa ajili ya sodo au kwa ajili ya matusi? Wa sodo watakukumbusha kampeni yake ya mwaka 2017 ya kuwachangia wasichana wa shule. Wa matusi watatoa simu wakuonyeshe alichoandika, kisha wataangalia pembeni wakati unasoma.

Kisheria jibu ni fupi: hakufungwa kwa ajili ya sodo. Neno hilo halikuwa shtaka. Lakini anayeishia hapo hajaelewa namna mambo haya yanavyokwenda Uganda. Mtu mwenye jina akitoa kauli kali kuhusu wanawake na wanaume, ndoa, mavazi au mapenzi ya jinsia moja, mara nyingi halipii kauli hiyo kwa jina lake halisi. Bili huja imeandikwa kitu kingine: mkataba umekwisha, taratibu za kanisa zimevunjwa, kompyuta imetumiwa vibaya. Kwa hiyo ukitaka kujua nani aliadhibiwa kwa nini, soma karatasi mbili. Moja ni ile iliyosomwa mahakamani au ofisini. Nyingine ni ile yenye maneno aliyosema, na hasa jina la aliyechomwa nayo.

Nyanzi ndiye mfano ulio wazi kuliko wote, kwa hiyo nitakaa naye kidogo.

Katika kampeni za uchaguzi wa 2016, Rais Museveni aliahidi kuwa serikali itawapa wasichana wa shule sodo za bure, kwa kuwa wengi hukosa masomo wakiwa kwenye hedhi. Februari 2017, Mama Janet Museveni, mke wa Rais na Waziri wa Elimu na Michezo, aliwaambia wabunge kuwa fedha za kazi hiyo hazipo. Nyanzi, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, aliwaka. Alianzisha mchango wake mwenyewe wa kununua sodo, na huku akimwandika Mama Janet kwenye Facebook kwa lugha ambayo wengi hawakuwahi kuiona ikielekezwa Ikulu. Polisi walimwita kumhoji. Alizuiwa kusafiri nje ya nchi. Mwisho wa Machi Makerere ikamsimamisha kazi, na tarehe 7 Aprili akakamatwa.

Sasa tazama hati yenyewe. Alishtakiwa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, kwa unyanyasaji wa mtandaoni na mawasiliano ya kuudhi. Maneno yaliyonukuliwa yalikuwa ya mwisho wa Januari, ambako alimfananisha Rais na makalio. Hayo aliyaandika kabla hata Mama Janet hajatamka bungeni kwamba fedha hazipo. Mahakamani, basi, kesi ilikuwa ya makalio. Mitaani ilikuwa ya hedhi. Upande wa mashtaka uliomba pia apimwe akili, kwa kutumia sheria ya wagonjwa wa akili iliyotungwa mwaka 1938 enzi za ukoloni. Alikaa gereza la Luzira siku 33 ndipo akapata dhamana.

Septemba 2018 alirudi na shairi kuhusu kuzaliwa kwa Rais, shairi ambalo sitalirudia hapa, si kwa woga ila kwa adabu ya ukurasa. Agosti 2019 alitiwa hatiani kwa unyanyasaji wa mtandaoni na kuhukumiwa miezi 18; shtaka la mawasiliano ya kuudhi akaachiwa. Februari 2020 Mahakama Kuu ikamtoa. Na ilimtoa kwa nini? Haikusema kwamba raia ana haki ya kumtukana Rais, wala kwamba shairi ni shairi. Ilisema mahakama ya chini haikuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi ile na haikufuata utaratibu. Aliingia kwa mlango wa pembeni, akatokea mlango wa pembeni. Lile swali kubwa, kama mwanamke anaweza kutumia lugha ya mwili kuwadai wakubwa ahadi yao, halikuguswa na hakimu yeyote.

Kazi nayo ilikwenda kwa mtindo uleule. Baraza la rufaa za watumishi wa chuo lilimpa haki mwaka 2018. Kabla mwaka haujaisha Makerere ikasema mkataba wake umefika mwisho. Aligombea ubunge wa wanawake wa Kampala mwaka 2021 kwa tiketi ya chama cha upinzani cha FDC, akashindwa na Shamim Malende wa chama kingine cha upinzani, NUP. Akakimbilia Kenya, na mwanzoni mwa 2022 akahamia Ujerumani na watoto wake kwa mpango wa kuwahifadhi waandishi walio uhamishoni.

Wapo wanaosema Nyanzi aliuharibu ujumbe wake mwenyewe kwa matusi. Sikubaliani nao kabisa, ingawa ninawaelewa. Uganda ina historia ya ufidhuli wa makusudi katika siasa: miaka ya 1940 Semakula Mulumba aliwaandikia gavana na askofu wa kikoloni barua za dharau zilizowatoa jasho, kwa kuwa aliona ustaarabu wa mezani ndio kamba waliyofungwa nayo. Nyanzi aliidai nasaba hiyo waziwazi. Tofauti ni kwamba Mulumba alikuwa London, naye Nyanzi alikuwa na nyumba Kampala, watoto shuleni na mwajiri anayelipwa na serikali.

Kwa nini ikawa sheria ya kompyuta? Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Katiba ya 1995, ibara ya 29, inalinda uhuru wa kusema. Kwa ibara hiyo mahakama zilizifuta silaha mbili za zamani. Februari 2004 Mahakama ya Juu ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo, katika kesi ya mwandishi Charles Onyango-Obbo na mwenzake. Agosti 2010 Mahakama ya Katiba ikafuta kosa la uchochezi, katika kesi iliyohusisha mwandishi Andrew Mwenda. Mwaka uliofuata ikaanza kutumika sheria ya kompyuta. Kwa maandishi ni sheria ya wadukuzi na wezi wa mtandaoni. Lakini kifungu cha 24, cha unyanyasaji, na cha 25, cha mawasiliano ya kuudhi, viliandikwa kwa upana ambao hata shangazi anayelalamika kwenye kundi la familia angeweza kuingia. Oktoba 2022 sheria hiyo ikaongezewa makosa mapya, pamoja na taarifa za nia mbaya na kauli za chuki. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikafuta kifungu cha 25 kwa kuwa maneno yake hayana mpaka. Cha 24, kilichomtia Nyanzi hatiani, hakikuguswa na hukumu hiyo.

Lakini si kila anayesema hufika Luzira, na hapo ndipo hesabu inapopendeza.

Mchukue Profesa Sylvia Tamale. Mwaka 2003, wakati tume ya fursa sawa inajadiliwa, alisema hadharani kwamba mashoga na wasagaji nao wahesabiwe miongoni mwa makundi yanayobaguliwa. Wasomaji wa New Vision, gazeti la serikali, wakampigia kura kuwa mwanamke mbaya kuliko wote wa mwaka huo. Matusi aliyopata yalikuwa mazito. Mwaka uliofuata akawa mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa kitivo cha sheria Makerere. Alikuwa na kauli kali kuliko nyingi zilizowahi kutolewa nchini juu ya jambo hilo, lakini hakuwa amemgusa mtu yeyote aliyekaa Ikulu, na kitivo kilimsimamia. Alilipa kwa jina lake, hakulipa kwa kazi.

Miria Matembe anatoa somo hilohilo kwa upande wa pili. Alikuwamo katika tume iliyotayarisha Katiba, akawa waziri wa maadili kuanzia 1998. Alipotamka kwamba wanaobaka watoto wahasiwe, nchi nzima ilicheka, ikakasirika, ikapiga makofi, na jina lake likawa la kumwitia mwanamke yeyote asiyenyamaza. Aliwapigania pia wake wapate umiliki wa pamoja wa ardhi na waume zao. Kipengele hicho kilijadiliwa na kukubaliwa bungeni mwaka 1998, kisha Sheria ya Ardhi ilipochapishwa, hakikuwemo. Waganda bado wanakiita kipengele kilichopotea, kana kwamba kilidondoka kwenye bodaboda. Pamoja na yote hayo Matembe alibaki waziri. Aliondolewa Mei 2003, baada ya kupinga wazo la kuondoa ukomo wa mihula ya urais, yeye na vigogo wenzake Eriya Kategaya na Bidandi Ssali. Kauli za jinsia zilimpa jina la utani. Kugusa kiti ndiko kulikomtoa kitini.

Dokta Specioza Wandira Kazibwe hakumgusa mkubwa yeyote. Alikuwa Makamu wa Rais tangu 1994, mwanamke wa kwanza Afrika kushika nafasi hiyo, na mwaka 2002 akasema hadharani kwamba mumewe alikuwa akimpiga. Hakuna aliyemshtaki. Ila ndoa yake iligeuka habari ya magazeti kwa miezi, na mjadala ukahama kutoka kwa aliyepiga kwenda kwa aliyesema: mke mwenye cheo kikubwa kiasi hicho anatoaje mambo ya chumbani barazani? Mwaka 2003 aliacha umakamu akaenda kusoma Harvard. Sheria dhidi ya ukatili wa majumbani ilipitishwa mwaka 2010, yeye akiwa ameondoka zamani kwenye serikali ile.

Mwanamke msemaji, hata pale sheria inapomwacha, hushambuliwa mwilini kwanza. Hilo si la juzi. Idi Amin alipomfukuza waziri wake wa mambo ya nje, Elizabeth Bagaaya wa Toro, Novemba 1974, hakuzungumza habari za sera. Alimzulia kashfa ya uchafu chooni kwenye uwanja wa ndege wa Paris. Waliosoma hilo magazetini walijua wanachotakiwa kuamini.

Je, wanaume wanaosema ovyo kuhusu wanawake? Bei yao ni nafuu, tena mara nyingi ya mkopo. Septemba 2013 gazeti lilimripoti Ronald Kibuule, waziri wa nchi wa masuala ya vijana, kwamba amesema mwanamke aliyevaa nusu uchi akibakwa ni yeye wa kulaumiwa. Alikana kusema hivyo, wanaharakati wakataka ajiuzulu, akabaki. Machi 2018, baada ya Rais kuwakemea wanaopiga wake zao katika hotuba ya Siku ya Wanawake, mbunge Onesmus Twinamasiko wa Bugangaizi Mashariki alisema kwenye televisheni kuwa mume anapaswa kumrudi mkewe kwa kipigo kidogo. Zilipigwa kelele hadi nje ya nchi, akaomba radhi, mambo yakaendelea. Februari 2019 Godfrey Kiwanda, waziri wa nchi wa utalii, alizindua shindano la wanawake wenye maumbo ya kujaa kama kivutio cha watalii. Wakasaini malalamiko maelfu, naye akabaki na wizara yake. Sidai kwamba watatu hawa wana kosa la aina moja. Nasema tu kwamba hakuna hata mmoja aliyehitaji wakili wa jinai.

Kanisani mambo huenda kwa sauti ya chini zaidi. Askofu Christopher Ssenyonjo aliongoza dayosisi ya Buganda Magharibi ya Kanisa la Uganda hadi alipostaafu mwaka 1998. Akafungua huduma ya ushauri, wakaja vijana waliofukuzwa makwao kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja, naye akawaambia Mungu hajawatupa. Wenzake walimtaka aache, hakuacha. Mwaka 2007 kanisa lilimvua hadhi ya uaskofu. Na barua ya kanisa ilisema nini? Kwamba alishiriki kumweka wakfu askofu wa kanisa lisilo na ushirika na Kanisa la Uganda. Ni kweli alishiriki. Lakini sijakutana na Mkristo Kampala anayeamini kwamba hiyo ndiyo hadithi nzima.

Upande wa pili yupo Mchungaji Martin Ssempa, mlokole aliyekuwa sauti kubwa dhidi ya ushoga. Mahubiri yake yenye picha chafu yalisambaa duniani na kumfanya kichekesho nje, huku mchungaji mashuhuri wa Marekani, Rick Warren, aliyewahi kumkaribisha, akijitenga naye. Nyumbani alikuwa shujaa kwa wengi. Kilichomfikisha hatiani, Oktoba 2012, ni kesi nyingine: yeye na wenzake walipatikana na kosa la kula njama kumchafua mchungaji Robert Kayanja kwa tuhuma za kulawiti. Faini ilikuwa shilingi milioni 1 kila mmoja, na saa 100 za kazi za jamii. Tena hapa: mahakama haikupima maoni yake kuhusu ushoga, ilipima njama.

Wako ambao gharama yao haiwezi kuwekwa kwenye hesabu ya namna hii. Oktoba 2010 gazeti dogo la Kampala lilitoa picha, majina na maelezo ya watu liliodai ni mashoga, na wito wa kuwanyonga. David Kato, mwalimu na mwanaharakati, alishtaki pamoja na wenzake wawili, na tarehe 3 Januari 2011 Mahakama Kuu ikawapa ushindi na fidia ya shilingi milioni 1.5 kila mmoja. Tarehe 26 Januari aliuawa nyumbani kwake Mukono. Aliyemuua alifungwa miaka 30. Polisi walisema mauaji hayakuhusiana na uanaharakati wake, na ndivyo ilivyobaki kwenye karatasi.

Sasa sheria zenyewe za mapenzi ya jinsia moja. Ile ya kwanza ilitiwa saini Februari 2014 na kufutwa na Mahakama ya Katiba tarehe 1 Agosti mwaka huohuo. Wengi nje ya nchi walishangilia kana kwamba haki za binadamu zimeshinda. Hukumu ilisema akidi haikutimia siku ya kupiga kura, basi. Miongoni mwa waliofungua kesi alikuwemo mbunge wa chama tawala, Fox Odoi-Oywelowo, ambaye aliwahi kuwa msaidizi wa Rais katika mambo ya sheria. Asuman Basalirwa, mbunge wa Manispaa ya Bugiri, alipoleta mswada mpya Machi 2023, Odoi aliandika ripoti ya wachache kuupinga, na uliporudi kupigiwa kura tarehe 2 Mei alikuwa peke yake aliyesimama kinyume. Alizomewa, akatukanwa, akarudi kuketi kwenye kiti chake. Sidhani mwalimu wa sekondari angeweza kusema nusu ya maneno yale na kesho yake akaingia darasani. Mwenye mgongo husema, na mgongo Uganda ni chama, ukoo, kanisa au cheo cha zamani.

Tena kuna bei inayotoka ng'ambo, na hii hugeuza hesabu chini juu. Oktoba 2012, kwenye mkutano wa mabunge mjini Quebec, waziri wa mambo ya nje wa Canada, John Baird, aliisema Uganda kuhusu mashoga. Spika Rebecca Kadaga alimjibu palepale kwamba Uganda si koloni la Canada. Aliporudi Entebbe alipokewa kwa nderemo, kisha akaahidi sheria ile kama zawadi ya Krismasi. Kilichomchafua nje ndicho kilichompandisha nyumbani. Mwaka 2023, baada ya Spika Anita Among kusimamia kupitishwa kwa sheria mpya, Basalirwa aliwaambia waandishi wa habari kuwa viza ya Spika ya Marekani imefutwa. Mashabiki wake waliichukua kama medali. Ila tusichanganye mambo: vikwazo ambavyo Uingereza ilimwekea Among Aprili 2024 vilihusu ufisadi, katika sakata la wizi wa mabati ya msaada ya Karamoja, na Marekani nayo ilipomwekea vyake mwezi uliofuata ilitaja ufisadi. Wapo wanaosema hayo ni adhabu ya sheria ya ushoga iliyovishwa koti jingine. Inawezekana mtu akaamini hivyo, na msomaji aliyefika hapa anajua kwa nini Mganda huwa na shaka hiyo. Lakini mabati yale yalikuwepo, na waliokuwa wapewe walikuwa watu maskini wa Karamoja.

Kilichobadilika tangu Mei 2023, na ambacho naona hakizungumzwi vya kutosha vijiweni, ni kwamba kwa upande mmoja wa mjadala huu hakuna tena haja ya mlango wa pembeni. Sheria mpya, pamoja na kifungo cha maisha na adhabu ya kifo kwa makosa yanayoitwa makubwa zaidi, ina kosa la kukuza ushoga. Anayechapisha, kutangaza au kufadhili kwa namna hiyo anaweza kufungwa hadi miaka 20. Taasisi inaweza kutozwa hadi shilingi bilioni 1 na kunyang'anywa leseni. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta vipengele vinne, kikiwemo cha kumtaka raia kuripoti na cha mwenye nyumba anayepangisha, lakini kosa la kukuza likabaki, na waliopinga walikata rufaa Mahakama ya Juu. Tamale mwaka 2003 alipoteza kura ya wasomaji wa gazeti. Leo kauli ileile, kabla haijafika kwa wasomaji, mhariri angempigia wakili kwanza, na wakili angekuwa na kifungu cha kumsomea.